Kompyuta zimegandishwa, ruta haijaguswa tangu ifungwe: nianzie wapi?

"Salamu mtaalamu. Nina saiba ndogo hapa Umoja, Nairobi, kompyuta tisa: sita za Windows 10 na tatu bado ziko Windows 7. Zote zimegandishwa na Deep Freeze, kwa hivyo mteja akivuruga kitu nazima na kuwasha, inarudi ilivyokuwa. Nina mashine kubwa ya fotokopi ya mtumba ambayo hutuma skani moja kwa moja kwenye folda ya kompyuta ya kaunta. Ruta ni MikroTik, ilifungwa na kijana wa mtandao miaka kadhaa iliyopita, na kupitia hiyo huwauzia Wi-Fi majirani wa ploti. Fundi wangu alizima masasisho yote. Anasema yanamaliza bando, yanaharibu printa, na kwamba tukiwa nyuma ya ruta hakuna anayeweza kutufikia. Juzi mteja mmoja, mwanafunzi wa chuo, ameniambia itifaki inayotumiwa na fotokopi yangu ndiyo ile iliyoangusha hospitali za Uingereza, na kwamba mtu aliye kwenye Wi-Fi yangu anaweza kusoma PIN za M-Pesa za wateja. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nani mkweli? Na kama ni kusasisha, nianzie wapi bila kufunga kazi?"

Dada, pole kwa usingizi uliopotea. Hao wawili hakuna aliyesema kweli tupu wala uongo mtupu. Mwanafunzi huenda amepatia kuhusu fotokopi, jambo utakalolithibitisha mwenyewe kwa dakika mbili, lakini kuhusu M-Pesa amekutisha bure. Fundi amepatia kuhusu printa, tena amepatia kuliko anavyojua. Kuhusu ruta amekupa nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye hatari. Kisha kuna hilo la Deep Freeze uliloliandika kama jambo la kawaida tu. Nitalirudia, maana ndilo lililonifanya niache chai yangu ipoe.

Tuanze na M-Pesa ili upumue. Kile kijisanduku cha kuomba PIN kinachoibuka kwenye simu ya mteja hupitia laini yake ya simu, si Wi-Fi yako. Na anayefungua tovuti ya kodi ya iTax, ile ya huduma za serikali ya eCitizen, au programu ya benki kupitia Wi-Fi yako, mazungumzo yake yamesimbwa kutoka kwenye kifaa chake hadi kwenye seva ya huko aendako. Jirani akiyanasa hewani ataambulia herufi zisizosomeka. Nywila za wateja zikiibwa kwenye saiba, kwa kawaida huibwa pale kwenye kibodi: kompyuta iliyoambukizwa husoma kinachoandikwa kabla hakijasimbwa. Kwa hiyo la kujiuliza ni namna gani mwizi huingia ndani ya kompyuta, na hapo ndipo itifaki zinapoingia.

Itifaki ni utaratibu wa mazungumzo kati ya mashine mbili, na sisi Waswahili hatuna haja ya kuufundishwa, kwa sababu ni hodi. Kompyuta moja inabisha: hodi. Ya pili inaitikia: karibu. Ya kwanza inajibu: nishakaribia. Hapo ndipo habari zinapoanza. Kila huduma ina mlango wake wenye namba. Kurasa za wavuti zilizosimbwa hupitia mlango 443. Kushirikiana folda kwenye Windows, kazi ambayo fotokopi yako huifanya kila unaposkani kitambulisho cha mtu, hupitia mlango 445 kwa itifaki iitwayo SMB. Mlango huo una bawabu anayesikiliza mchana na usiku, hata kama hakuna mtu aliyekaa mbele ya skrini. Ndiyo maana kasoro za itifaki ni mbaya kuliko virusi vya flashi. Virusi vya flashi humsubiri mtu abofye kitu. Hapa habofyi mtu. Mgeni anabisha hodi, anasema sentensi moja iliyopindwa kwa ustadi, na bawabu anamkabidhi funguo.

Wateja wengi huniuliza sentensi iliyopindwa inafananaje, kwa hiyo nitakupa mifano miwili.

Aprili 2014 ilifichuliwa kasoro iliyopewa jina la Heartbleed, kwenye programu ya OpenSSL inayotumiwa na seva nyingi kusimba mawasiliano. Kwenye itifaki ile pande mbili huweza kuulizana "bado upo?" ili mazungumzo yasikatike. Anayeuliza hutuma neno, pamoja na idadi ya herufi za neno hilo, na mwenzake hulirudisha kama lilivyo. Sasa mtu anatuma: "Neno langu ni ndizi, lina herufi elfu sitini na tano, nirudishie." Seva haikuhesabu. Iliamini. Ikarudisha ndizi, kisha ikaendelea kusoma chochote kilichokuwa jirani kwenye kumbukumbu yake mpaka ifikishe idadi ile: nywila za watu wengine, vipande vya barua, hata funguo za siri za seva yenyewe. Itifaki kwenye karatasi ilikuwa sawa. Aliyekosea ni mwandishi wa programu, aliyesahau kulinganisha neno na namba.

Mfano wa pili ni huo wa mwanafunzi wako. SMB toleo la kwanza ni la zamani, na linabeba mizigo ya enzi za mfumo wa OS/2. Mgeni anaweza kutuma orodha ya sifa za faili katika muundo ule wa kale, na Windows huibadilisha iwe ya muundo wake. Katika kuibadilisha ilikosea hesabu ya ukubwa. Fikiria mwuza maziwa anakuja mlangoni, kwenye daftari imeandikwa lita tano, wewe unatoa jagi, kumbe mtungi wake una lita sabini na anamimina zote. Maziwa hayapotei, yanafurika mpaka chumba cha pili. Kwenye kompyuta, chumba cha pili ni kumbukumbu ya kiini cha Windows, na mdukuzi aliyejua kilichokaa pale alimimina amri zake badala ya maziwa. Mbinu hiyo iliitwa EternalBlue. Ilitengenezwa na shirika la ujasusi la Marekani, NSA, ikaibwa, na Aprili 2017 ikamwagwa mtandaoni kila mtu aichukue.

Zitazame tarehe zenyewe. Microsoft ilitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu hilo, tarehe 14 Machi 2017. Mnyoo wa WannaCry, programu hasidi inayojisambaza yenyewe, ulianza kusambaa tarehe 12 Mei. Siku 59 katikati. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 zilifungwa faili zake na kudaiwa fidia, hospitali za umma za Uingereza zikiwemo, na nyingi mno kati ya kompyuta hizo zilikuwa za Windows 7. Kwa hizo za Windows 7, hakuna aliyekosa kiraka kwa sababu hakikuwapo. Kilikuwapo, hakikuwekwa. Windows 7 ambayo mafundi wetu huweka kutoka kwenye flashi mara nyingi ni ile ya Service Pack 1 ya mwaka 2011. Ikiwekwa leo na masasisho yakazimwa, inaanza maisha ikiwa na mashimo yote yaliyogunduliwa baada ya hapo.

Sasa Deep Freeze. Naipenda programu hiyo, na kwa saiba ina kazi yake: mteja anaacha takataka, unawasha upya, imekuwa safi. Lakini fikiria inafanya nini hasa. Inairudisha kompyuta kwenye siku ile ilipogandishwa, pamoja na tundu zote za siku ile. Mnyoo ukiingia saa nne asubuhi, ukizima na kuwasha unaondoka kweli. Saa nne na dakika kumi unarudi kupitia mlango uleule 445, kwa sababu kompyuta ya jirani yake bado inao, au laptopu ya jirani aliye kwenye Wi-Fi. Na katika hizo dakika kumi mtu ameshaandika nywila yake ya iTax. Aliyeiba hahitaji kubaki ndani, amekwisha kubeba alichokuja kukichukua.

Kuna ubaya wa pili, ambao nimeukuta kwenye saiba zaidi ya moja. Hata fundi akiwasha masasisho, kompyuta ikiwa imegandishwa, Windows hupakua kiraka usiku kucha, hukiweka, hujiwasha upya, na kiraka chote hufutika kama mchoro kwenye vumbi. Kesho inakipakua tena. Nadhani hapo ndipo hadithi ya "masasisho yanamaliza bando" ilipozaliwa kwako. Ili kiraka kishike lazima uiyeyushe kwanza: fungua Deep Freeze kwa nywila yake, chagua "Boot Thawed", iwashe upya, sasisha mpaka iseme hakuna tena kilichobaki, kisha igandishe. Fundi akiwa ndiye peke yake anayejua hiyo nywila, muombe leo. Kompyuta ni zako.

Nije kwenye "tuko nyuma ya ruta". Ni kweli kwamba mtu aliye Brazili hawezi, kwa kawaida, kubisha moja kwa moja kwenye mlango 445 wa kompyuta yako ya kaunta. Ruta ina anwani moja ya nje na inazificha za ndani. Lakini wanaokuzunguka ndani je? Umewauzia Wi-Fi. Wako nyuma ya ruta pamoja nawe. Fanya jaribio hili: unganisha simu yako kwenye Wi-Fi ya majirani, ingia kwenye maelezo ya mtandao, utazame anwani iliyopewa. Kisha tazama ya kompyuta ya kaunta. Zote mbili zikianza na 192.168.88, basi majirani wamekaa sebuleni mwako. Na hata zikitofautiana, usisherehekee haraka, kwa sababu ruta ikiachwa bila amri ya kuzuia huwapitisha watu kutoka chumba kimoja hadi kingine. Chukua laptopu, iweke kwenye Wi-Fi ya majirani, ujaribu kufungua ile folda ya skani kwa kuandika mikwaju miwili ya nyuma (\\) na anwani ya kaunta. Ikifunguka, au hata ikikuuliza nywila tu, mlango unaitikia hodi.

Na ruta yenyewe ina uso unaotazama nje. Aprili 2018 MikroTik walitoa kiraka cha kasoro kwenye huduma ya Winbox, ile ambayo mafundi hutumia kuiendesha ruta, mlango 8291. Mtu wa mbali, bila nywila yoyote, aliweza kuiambia ruta impe faili lenye majina na nywila za wasimamizi. Miezi iliyofuata ruta nyingi mno duniani zilitekwa, kiraka kikiwa tayari kipo. Mwaka huohuo niliitwa kwenye saiba moja katikati ya mji. Kompyuta zilikuwa zikinguruma kama matatu inayopanda mlima, na mwenyewe alikuwa amekwisha nunua mbili mpya akidhani za zamani zimechoka. Hizo mpya nazo zikanguruma. Tulihangaika nusu siku kabla sijafikiria kufungua ruta: toleo la zamani, na ndani yake amri ambazo hakuna mtu wa pale aliyeziandika, zikipachika kwenye kurasa za wavuti msimbo wa kuchimba sarafu ya kidijitali ya Monero. Kila mteja aliyekaa pale alikuwa anamchimbia mtu asiyemjua. Tulisasisha ruta, na tukabadilisha nywila zote, kwa sababu kiraka huziba tundu lakini hakirudishi funguo zilizokwisha toka. Hilo watu hulisahau sana. Hata Heartbleed ilikuwa hivyo: waliosasisha OpenSSL bila kubadilisha funguo na nywila walifunga zizi ng'ombe wakiwa nje.

Kwa hiyo nikiwa mimi ningeanza na ruta, kabla ya kompyuta yoyote. Ni kazi ya nusu saa, ifanye asubuhi kabla ya kufungua. Hifadhi nakala ya mipangilio kwanza na uiweke nje ya ruta. Ndani ya Winbox nenda "System", kisha "Packages", ubofye "Check For Updates". Ikimaliza na kuwaka upya, nenda "System" tena, "RouterBOARD", ubofye "Upgrade", uiwashe mara ya pili, hatua ambayo mafundi wengi huiruka. Halafu "IP", "Services": zima telnet na ftp, zima kila ambacho hukitumii, na Winbox uiruhusu kutoka kwenye kompyuta ya kaunta peke yake. Badilisha nywila. Kama ruta ni mali ya mtoa huduma na hukupewa nywila, mpigie, umwambie toleo unalolitaka, na usikubali jibu la "iko sawa" bila kuambiwa namba ya toleo.

Hapo kwenye ruta pia ndipo pa kuwatenga majirani: mtandao wao wa pekee, na amri moja ya kuzuia chochote kitokacho kwao kisiingie upande wa saiba. Kama hukuwahi kuandika amri za namna hiyo, usijifunzie hapa. Mlipe mtu. Kosa dogo na utajifungia nje ya ruta yako mwenyewe siku ya Jumatatu, wateja wakiwa kwenye foleni.

Fotokopi sasa. Kwenye kompyuta ya kaunta tafuta "Turn Windows features on or off", shuka mpaka "SMB 1.0/CIFS File Sharing Support". Tangu toleo la Windows 10 la Oktoba 2017, upande wa kupokea wageni wa SMB ya kwanza hauwekwi tena Windows ikiwekwa upya. Ukikuta kisanduku kina alama, ama Windows hiyo ilipandishwa kutoka toleo la zamani, ama mtu aliiweka kwa mkono, na mara nyingi sababu ni fotokopi ya zamani isiyojua SMB ya pili wala ya tatu. Ukikuta hakina alama na fotokopi bado inatuma skani, basi mashine yako ni ya kisasa kuliko tulivyodhani, na mwanafunzi amekosea mara mbili.

Tuchukulie kina alama. Hapa itifaki yenyewe ndiyo imezeeka, wala si programu tu iliyokosewa. Kiraka cha 2017 kiliziba tundu lile moja, lakini Microsoft wenyewe wanawasihi watu waiache SMB ya kwanza. Ukiondoa alama, skani itagoma kwenda kwenye folda, na sitakuficha kwamba utakereka kwa siku mbili tatu. Njia rahisi ni kuiambia fotokopi iskani kwenye flashi inayobaki kaunta. Ni polepole, lakini haina mlango. Njia ya pili ni kutuma skani kwa barua pepe, ila mashine za zamani nyingi hazijui usimbaji unaotakiwa na huduma za barua pepe za siku hizi, kwa hiyo jaribu kabla ya kuahidi mtu. Njia ya tatu ni kutafuta kama mtengenezaji ametoa programu mpya ya ndani ya mashine hiyo, na fundi wa fotokopi ndiye wa kuulizwa, si wa kompyuta. Ya mwisho, kama huwezi kabisa kuiacha, tenga kompyuta moja kuukuu iongee na fotokopi tu, waya wao wenyewe, bila intaneti, na skani zitoke hapo kwa flashi. Mimi ningechukua flashi na kulala.

Na chochote utakachochagua, fungua hiyo folda sasa hivi uhesabu. Nimeona folda za saiba zenye maelfu ya vitambulisho, vyeti vya PIN ya KRA (mamlaka ya kodi), fomu za HELB (mikopo ya wanafunzi), za watu ambao hawajui kwamba bado zipo. Zifute kila jioni. Kisichokuwepo hakiibwi.

Kuhusu masasisho kuharibu printa, fundi wako hakuota. Machi 2021 sasisho la Windows 10 lilifanya kompyuta kuanguka na skrini ya bluu pale mtu alipobonyeza kuchapa kwenye baadhi ya printa, za Kyocera na Ricoh zikiwemo. Kwa saiba, hiyo ni siku nzima ya biashara kwenda na maji. Microsoft walitoa marekebisho ndani ya wiki. Fundi wako alijifunza kutokana na siku kama ile kwamba dawa ni kuzima yote. Mimi nilijifunza kutumia kompyuta moja kama muonjaji. Viraka vya Microsoft hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwa saa zetu ni saa mbili au saa tatu usiku. Jumatano yeyusha kompyuta moja tu, isasishe, uchape nayo, uskani, ufungue iTax. Ikipita siku tatu nne bila kero, zisasishe nyingine. Ikileta taabu, unaliondoa sasisho hilo kwenye moja badala ya kulia na tisa. Ila ukisikia kwenye habari kwamba mnyoo unasambaa kupitia shimo fulani, usisubiri muonjaji, sasisha zote usiku huohuo.

Bando nalo lina dawa yake. Ndani ya mipangilio ya Windows Update kuna "Delivery Optimization". Iwashe kwa kompyuta za mtandao wako wa ndani peke yake, na kompyuta moja ikishapakua, nyingine huchukua vipande kutoka kwake badala ya kurudi nje.

Niseme na hili ambalo fundi huenda hakukwambia. Mara nyingi masasisho huzimwa kwa sababu Windows ni ya bure ya mtaani, na anaogopa itaumbuka. Windows 10 isiyosajiliwa ilikuwa ikipokea viraka vya usalama vilevile, ikinung'unika tu kwenye skrini. Kinachotisha zaidi ni hizo programu za kuvunja usajili, maana ukiiendesha moja kama msimamizi umemkabidhi mtu usiyemjua nyumba nzima, na hapo hakuna kiraka kitakachokusaidia.

Ila Windows 10 yenyewe ilifika mwisho wa msaada tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Kwa hizo sita, biashara inaweza kununua viraka vya ziada, dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na bei hupanda maradufu kila mwaka unaofuata. Kwa saiba ya Umoja sioni kama hesabu hiyo inakubali kwa mashine zote. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, na nyingi ya hizi kompyuta za ex-UK, za mtumba kutoka Uingereza, tunazonunua mjini hazifiki. Kinachobaki ni Linux, kwa mfano Linux Mint, ambayo ni ya bure, inapokea viraka, na inatosha kabisa kwa mteja anayefungua kivinjari, kuandika barua na kuchapa. Zile tatu za Windows 7 ningezihamishia huko mwezi huu bila kujadiliana sana. Bakiza Windows mbili tatu zinazosasishwa kwa ajili ya fomu za KRA za Excel zenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili), zinazosumbua nje ya Excel, na hizo ndizo za kulipia. Wateja watauliza "hii ni nini?" kwa wiki moja, kisha watazoea.

Nywila ya msimamizi isiwe moja kwa kompyuta zote. Juni 2017, mwezi mmoja baada ya WannaCry, NotPetya ilitumia tundu lilelile, lakini pia iliiba nywila kutoka kwenye kumbukumbu ya kompyuta moja na kuzitumia kuingia kwenye nyingine zilizokuwa na kiraka tayari. Kampuni ya meli ya Maersk ilijenga upya seva 4,000 na kompyuta 45,000. Inasimuliwa kwamba nakala moja muhimu ya orodha ya watumiaji wake ilisalia ofisi ya Ghana pekee, kwa sababu stima ilikuwa imepotea pale wakati mnyoo unapita. Sisi tunaoilaumu stima kila siku tuna la kufikiria hapo: nakala ya vitabu vyako vya hesabu ikae kwenye diski isiyochomekwa popote.

Lini umwite mtu aje mwenyewe? Ukiona faili zimebadilika mikia ya majina au tangazo la kudai pesa, chomoa waya wa mtandao kwenye kila kompyuta, zima Wi-Fi, lakini usifomati kitu na usiwashe upya ile iliyogandishwa, kwa sababu ukiiwasha ushahidi wote unayeyuka nao. Piga picha ya skrini kwa simu. Ukikuta kwenye ruta watumiaji au amri usizozijua, au anwani za DNS (seva zinazoielekeza kompyuta tovuti iliko) zimebadilika, hapo pia usisasishe tu juu yake. Ruta hiyo inahitaji kufutwa na kupangwa upya na mtu anayeijua. Taarifa unaweza kupeleka kwa KE-CIRT, kituo cha kitaifa cha matukio ya mtandao kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Na kama vitambulisho vya wateja vimetoka na kuna hatari ya kweli kwao, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa saa 72 tangu ulipojua kumwarifu Kamishna wa Data.

Fundi wako usimfukuze. Mwite, umsomee haya, umuulize ruta iko toleo gani na SMB ya kwanza iliwashwa lini na kwa nini. Akianza kukuonyesha kwenye skrini, endelea naye na umlipie siku hiyo ya kazi. Akikujibu tena kwamba tuko nyuma ya ruta, muulize jirani wa mlango wa pili, anayelipa Wi-Fi kwako, yuko upande gani wake.